Tundu Lisilo na Mwenyewe

Mwanangu Rehema,

Mama yako ameshakwambia yote yahusuyo maji ya kunywa, chandarua na watu wa kujihadhari nao ndani ya basi, na ninavyomfahamu, atayarudia kesho alfajiri ukiwa umeshavaa viatu. Mimi sitaongeza kitu. Nimekaa mezani, mahali unapopajua, matundu mawili ya ndege yakiwa kushoto kwangu, na ninaandika kwa sababu tangu Jumapili mimi na wewe hatuzungumzi. Unapita, unasema, "Shikamoo, Baba." Ninajibu, "Marahaba." Kisha mlango wa chumba chako unafungwa taratibu. Ningependa zaidi ungeubamiza. Nimefundisha maisha yangu yote na ninamfahamu mtoto anayeamkia vizuri huku moyo wake umekwisha kwenda zake.

Neno nililolisema Jumapili ni hili, nami naliandika ili nisijifanye nimelisahau: ukienda kuishi na Nekesa huko Lodwar, usiitarajie radhi yangu. Nililisema mbele ya mama yako, wali ukiwa bado unatoa moshi. Uliinuka, ukanawa mikono ilhali hujala, ukaondoka.

Nimejaribu kulieleza neno hilo moja kwa moja na karatasi mbili nimezichana. Niruhusu nianze na chiriku.

Yule ndege hakuwa wetu. Jirani wa ghorofa ya pili, alipohama kurudi kwao, alituachia tundu lenye ndege wawili kwa sababu, alisema, huko aendako kuna paka. Wewe ulifurahi, mimi nilisema ndege ni kelele na makapi ya mtama sakafuni. Kuhusu makapi nilikuwa sahihi. Jike alipokufa, dume alibaki peke yake, na mistari yake kifuani na mashavu yake ya rangi ya chungwa, akanyamaza. Ulimtundikia kioo kidogo. Akaanza kuimba tena akiutazama uso wake mwenyewe, na wewe na mama yako mkapiga makofi. Baadaye tukaona kwamba habanduki kwenye kioo hata kwa ajili ya kula. Anaimba, ananyamaza kungoja ajibiwe, anaimba tena. Ulikiondoa wewe mwenyewe huku unalia, ukaniambia, "Baba, huyu anataka mwenzake. Lakini mwenzake wa kweli."

Wakati huo ulikuwa na mitihani ya mwisho chuoni. Nikakwambia: soma, kazi hiyo niachie mimi. Wala sikuona kwamba ni kazi. Katika miaka yote niliyofundisha pale Thika, mwamuzi wa nani akae na nani nilikuwa mimi. Siku ya kwanza ya muhula nilisimama mlangoni na kuwaketisha watoto mmoja mmoja: mwenye bidii pamoja na mvivu, mtundu pamoja na mpole, msemaji pamoja na asiyesema. Sikumwuliza hata mmoja. Darasa langu lilikuwa kimya, na wakaguzi walipokuja walilisifu kwa ukimya wake. Ndege wawili wangenishindaje?

Nilikwenda Kamakis, kwa mwanamume mmoja auzaye ndege kando ya barabara, moshi wa nyama choma ukimpitia usoni. Nilichagua kasuku mdogo wa kijani. Nakwambia kwa nini nilimchagua yeye: alikaa wima, hakupiga kelele, na manyoya yake yalikuwa yamelala vizuri kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule.

"Je, ataelewana na chiriku?" nilimwuliza muuzaji.

"Mzee, ndege ni ndege. Wote si wako na mabawa?"

Sentensi hiyo ingetosha kunirudisha nyumbani mikono mitupu. Sikurudi. Nilimleta kasuku, nikamtia ndani, na kwa siku chache alikaa wima kama nilivyomchagua. Halafu chiriku akatua karibu na chombo chake cha chakula, naye akamng'ata mguu mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayekata uzi. Kidole kikatoka.

Unakumbuka ni nani aliyekuwa nyumbani siku hiyo. Nekesa alikuwa amekuja kusoma nawe, na viatu vyake, kama kawaida yake, vilikuwa vimeziba mlango. Yeye ndiye aliyemshika ndege ndani ya leso huku wewe unampaka dawa. Mimi nilisimama kando nikatoa maagizo ambayo hakuna aliyeyasikiliza. "Pole, msee," alikuwa akimwambia. "Pole sana, msee wangu. Huyo jamaa wa kijani tutamfukuza leo leo." Msee, neno la vijiweni la kumwita mtu, likamganda ndege kama jina tangu saa hiyo. Wewe ulilichukua, kisha mama yako naye, ambaye ana umri wa kutosha kujua maneno bora. Mimi sikulitumia. Nilisema ndege hana haja ya jina, na kama anayo haja, jina si lile.

Naye akacheka. "Mzee wangu, hiyo Kiswahili yako imevaa tai!"

Mama yako alicheka hadi leso ikamdondoka. Sikucheka. Nikuambie ukweli: sikumchukia Nekesa kwa sababu ya kelele wala viatu. Nilimchukia kwa sababu nyumba hii ilikuwa inacheka naye na haikuwa imezoea kucheka nami.

Mara ya pili nilijitahidi zaidi. Nilikwenda hadi Witeithie, kwa mama mmoja afugaye ndege wengi nyuma ya nyumba yake, nikanunua jike wa aina ileile, mwenye afya, mwenye mdomo mwekundu. Safari hii aina ilikuwa sawa. Nilirudi nikijisifu. Wewe ulikuwa na vitabu vyako hapa hapa mezani, na bila kuinua kichwa ulisema, "Baba, usiwatie pamoja leo. Weka matundu kando kwa kando kwanza, waonane. Huyo ni mgeni na lile ni tundu la mwenyewe."

"Watazoeana," nilisema.

Neno hilo nimelitumia kwa watoto wa watu kwa miaka mingi, Rehema. Mtoto akija kulia kwamba hataki kukaa na fulani, nilimwambia: mtazoeana. Na kweli, baada ya wiki hakuja tena kulia. Nilidhani ndiyo maana yake.

Nilimtia jike ndani jioni ile ile. Nilisikia mabawa yakipigapiga, nikafunika tundu kwa kitambaa, jinsi mtu anavyogonga meza ili darasa litulie. Likatulia. Asubuhi nilipofunua, jike alikuwa chini ya chombo cha maji, kichwa chake hakina manyoya. Dume alikuwa juu, kwenye kijiti chake, peke yake kama mwanzo.

Sikukuamsha. Nilimwambia mama yako akwambie, nikavaa koti, nikaenda kusimama karibu na duka la mikate mpaka nilipokuona unapita kwenda chuoni. Sikuwa na haja ya mkate. Uliniona, ukapunga mkono kidogo. Hukusema lolote siku hiyo wala siku za baadaye, nami nikauchukua ukimya wako kama nilivyouchukua wa wengine.

Nilimfikiria sana yule ndege. Dume hakuwa na ubaya. Alikuwa analinda mahali pekee alipokuwa napo. Jike naye hakuwa na ubaya. Yule mama wa Witeithie aliniuzia ndege mzima. Kila nilipotafuta wa kulaumiwa, alibaki aliyefungua mlango.

Ndipo nikamkumbuka Barasa. Sijawahi kukusimulia habari zake. Baba yake alikuja kutoka Kakamega kufanya kazi katika kiwanda kimoja pale Thika, naye akaletwa darasani kwangu katikati ya mwaka, hana anayemjua. Alianza kushirikiana na watoto wa madawati ya nyuma, wapiga kelele, na mchana nilimsikia akicheka uwanjani. Nikaona ataharibika. Nikamhamishia dawati la mbele, akae na Njoroge, mwanafunzi wangu bora, kijana nadhifu asiyewahi kuchelewa. Barasa akatulia. Akatulia sana. Mwisho wa mwaka niliwaandikia wazazi wake kwamba mtoto wao ni mtulivu na ana adabu.

Miaka mingi baadaye mtu mzima mwenye ndevu alinisimamisha hapa Ruiru, nje ya duka la vifaa vya ujenzi. "Mwalimu! Umenisahau? Ni mimi Barasa, wa ile dawati ya mbele."

"Barasa mtulivu!" nilisema kwa furaha.

Akanitazama kama mtu anayepima kama aseme au aache. "Mwalimu, si utulivu. Huyo Njoroge alikuwa ananiiga kila nikifungua mdomo. Chini chini, wewe usisikie. Nikaona heri ninyamaze. Nilinyamaza mpaka nikamaliza shule."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mwalimu, na ni wewe uliniweka hapo?"

Hakusema kwa uchungu. Alinibebea mfuko wangu hadi kituoni. Nilirudi nyumbani, nikakaa na mama yako, nikasema nimekutana na mwanafunzi wangu wa zamani na hali yake ni nzuri. Hayo tu.

Sasa nije kwa ndege wa tatu, yule uliyemchagua wewe. Nasema vibaya. Hukumchagua.

Ulipomaliza mitihani ulichukua kazi mikononi mwangu bila kuniaibisha. Ulisema kuna mwanafunzi wa mtaa wa Kahawa Sukari anayefuga ndege, naye amekubali kutuazima watatu. Niliuliza ni wa nini watatu, tunahitaji mmoja. Ukasema, "Si mimi ninayejua ni yupi, Baba." Uliwaleta katika tundu lao: jike mzuri wa mistari, ndege mweupe pepe, na yule wa kahawia, wa aina nyingine kabisa, mnene kidogo, shingo ina kipara, sauti yake kama mlango unaohitaji mafuta. Nilikwambia huyo wa kahawia arudishwe mara moja. Ukaweka tundu lao kando ya tundu la chiriku, waya kwa waya, ukaketi.

Mimi nilikuwa ninatazama wanavyokula. Kila chiriku aliposogea upande wa jike mzuri kudonoa mtama, nilisema, "Umeona? Nilikwambia."

"Usiangalie anapokula," ulisema. "Mwenye njaa anakula na yeyote. Angalia anapolala."

Basi tukaangalia anapolala. Jua lilipozama nyuma ya maghorofa, chiriku wetu aliruka kijiti hadi kijiti, akaacha pale alipolala siku zote, akajibana kwenye waya upande wa pili. Upande ule ule, nje ya waya, alikuwa yule wa kahawia. Nilisema ni bahati tu. Kesho yake ikawa vilevile. Ulibadilisha nafasi za matundu ili kunitosheleza, naye akahama akamfuata. Halafu siku moja, mchana, akaimba. Mwenzake akamjibu kwa ile sauti yake ya mlango. Mama yako alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Ametongoza!" alisema. "Baba Rehema, ametongoza na hakukuuliza!"

Ukawarudisha wale wawili wazuri. Mimi, ndani ya moyo wangu, nikasema ndege hajui lililo jema.

Hayo yote yalikuwa yamekwisha ulipopata barua ya kazi ya maabara huko Lodwar. Nilifurahi, kisha nikaogopa, na mimi nikiogopa hupanga watu. Nilimpigia Mzee Abdalla, rafiki yangu tangu chuo cha ualimu, ambaye sasa anaishi huko Lodwar. Nyumba yake ni ya heshima, mkewe ni mcha Mungu, wana chumba. Nilimwahidi kwamba utakaa kwao. Nilimwahidi kwanza na kukwambia baadaye. Nawe, Jumapili, ukasema kwamba wewe na Nekesa, aliyepata kazi huko huko, mmeshapata nyumba ya kupanga.

"Nyumba gani hiyo?"

"Vyumba viwili, Baba. Haina kitu ndani, hata pazia. Tutanunua pole pole."

"Nimeshatoa ahadi kwa Mzee Abdalla."

"Lakini hukuniuliza."

"Msichana yule hatakufaa. Hana utaratibu. Si wa dini yako, si wa desturi zako. Mtagombana kabla ya mwezi kwisha."

Ndipo uliposema, polepole, bila kunivunjia heshima, "Baba, hata Msee umemwacha achague."

Mtu mwenye jibu hatishi. Mimi nilitisha, nikalileta lile neno la radhi.

Ulipoondoka mezani, mama yako hakunigombeza. Alikusanya sahani, na alipofika mlangoni mwa jikoni alisema, "Kumbe wewe ni mtoto wa baba yako kweli." Kisha, akiwa ameshanipa mgongo: "Na mimi nilikuwa nani, kama si Nekesa?"

Babu yako hukumjua. Alikuwa na duka la vitambaa Majengo pale Thika, mtu mnyofu, asiyezidisha neno. Mama yako alikuja kutoka Mumias kwa kaka yake, akaweka meza ya vitenge ng'ambo ya barabara, mkabala na duka. Alicheka na kila mteja. Baba alisema kwamba kicheko cha mwanamke yule kinasikika hadi msikitini. Mimi nilikuwa ninakisikia hadi darasani, upande wa pili wa mji, mahali ambapo hakingeweza kufika. Baba alikuwa ameshanitafutia binti wa rafiki yake, msichana mpole ambaye hakuna ubaya ninaoweza kumsema. Nikakataa. Ni mara moja tu nilimkatalia jambo.

Alikuja kwenye ndoa yetu. Alikaa, akala pilau, akanawa mikono, akaondoka. Watu walisema mzee amekubali. Lakini lile neno hakulitamka. Unalijua: "Nimekuwia radhi." Mzazi hulitamka akiwa ameushika mkono wa mtoto wake, na mtoto akilisikia mara moja limemtosha hadi kaburini. Nililingoja. Ulipozaliwa nilikupeleka kwake, akakubeba, akasema una macho ya mama yake, akakurudisha. Alipougua nilikwenda kumwona kila Ijumaa baada ya sala. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya paa linalovuja, juu ya jirani aliyejenga ukuta mpakani. Ijumaa ya mwisho alinishika mkono, nikainama. Akasema, "Funga dirisha, kuna upepo."

Nikafunga dirisha. Nilipogeuka alikuwa amelala, na hakuamka tena.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi kama lile lilikuwa ndilo. Labda alikosa nguvu ya kulisema lile jingine. Labda alihisi upepo tu. Nimekuwa na maisha mema na mama yako, mema kuliko ninavyostahili, lakini kila lilipotupata jambo baya, hata dogo, mtoto akiugua, bomba likipasuka, nilijiuliza kama ndiyo sababu. Mtu mzima aliyesoma, anayejiuliza kama bomba limepasuka kwa sababu ya baba yake. Mama yako peke yake ndiye aliyelijua hilo. Sasa unalijua na wewe. Na silaha hiyo hiyo, ambayo najua inaingia wapi na inakaa muda gani, ndiyo niliyokunyoshea juu ya sahani ya wali.

Nimekaa na matundu haya tangu baada ya sala ya Isha. Lile jipya ulilolinunua liko sakafuni, umeliosha, umepanga vijiti, umetia majani pembeni ili asiyetaka kuonekana apate pa kujificha. Ulimwambia mama yako aniambie, kwa kuwa hatuzungumzi: watiwe wote wawili kwa pamoja, asubuhi wala si jioni, katika tundu hilo jipya ambalo si la yeyote kati yao. Nilipoletewa ujumbe huo niliuona kuwa maagizo ya ndege. Jioni hii ndipo nilipomwona Mzee Abdalla ndani yake.

Mzee Abdalla si mtu mbaya. Mkewe si mbaya. Lakini ile ni nyumba yao. Kila kiti kina mwenye kukikalia, kila saa ina desturi yake, na wewe ungefika jioni, mgeni, ukawekwa katikati. Ungekuwa na adabu, nimekulea mimi. Ungenyamaza, nao wangenipigia simu waniambie: binti yako ni mtulivu. Nami ningefurahi, Rehema! Ningewasimulia watu msikitini. Nilikuwa ninakutia katika tundu la mwenyewe, nikiwa na kitambaa mkononi tayari kufunika.

Nyumba ya vyumba viwili isiyo na pazia si yako wala si ya Nekesa. Mtaingia siku moja. Kuna hekima hapo ambayo sikuiona.

Usidhani nimebadilika kuliko nilivyobadilika. Simpendi Nekesa zaidi ya nilivyompenda Jumapili. Ataacha taa zikiwaka. Ataleta watu bila taarifa. Siku ya kufunga atasahau na kukaanga vitunguu mchana, na harufu itakutesa. Inawezekana pia nikawa sahihi, mkagombana, maana yule dume wetu angali na mdomo uleule, na walipolala wakitazamana wale ndege wawili palikuwa bado na waya katikati. Ninaogopa. Lodwar ni mbali na sitaweza kusimama karibu na duka la mikate nikuone unapita. Ninaogopa zaidi kwamba kitakupata kitu na wewe utasema "niko salama, Baba," kwa sauti nzuri, kama Barasa.

Kwa hiyo nina ombi moja tu, wala si amri. Mkigombana, niambie mmegombana. Ukichoka naye, niambie umechoka. Sitasema "nilikwambia," nitauma ulimi. Na kama siku moja utajikuta unaimba mbele ya kioo na kungoja kijibu, mwanangu, usikae hapo ukiwa unazoea. Panda basi urudi. Chumba chako hakitapewa mtu.

Nimempigia Mzee Abdalla kabla ya kuanza barua hii. Nilimwambia kwamba niliahidi kisichokuwa changu. Akasema utakaribishwa kula Ijumaa ukipenda, wewe na mwenzako. Nenda ukipenda. Usipopenda, usiende.

Lile neno la Jumapili nimelirudisha. Nimekuwia radhi, Rehema. Nimekuwia radhi ukikaa na Nekesa, na ukihama, na ukirudi. Ukipatia na ukikosea. Haina sharti. Kesho alfajiri nitaushika mkono wako nikutamkie mbele ya mama yako, lakini ninajifahamu na nilizaliwa na nani. Ikiwa utafika mlangoni na mimi nikaishia kusema basi litakuacha, au kwamba kuna baridi, uvae sweta, ujue ndilo hilo. Usije ukajiuliza miaka mingi. Liko hapa, kwa mkono wangu.

Ukishaondoka, kukikucha vizuri, nitawatia wote wawili katika tundu jipya kama ulivyoagiza. Nitakaa nao. Kitambaa nimeshampa mama yako akafanye tambara la jikoni. Mikono yangu haina bahati na viumbe hawa, nawe unajua. Lakini likitokea lolote, jema au baya, usingoje kuambiwa na mama yako. Nitakupigia simu mimi mwenyewe, nikuambie alivyoamka Msee.

Baba yako